Wimbi Linarudi Mara Tatu

Fundi alirusha kamba nyembamba juu ya waya, kama mita moja kutoka kwenye nguzo, akazishika ncha zake mbili kwa mkono mmoja. Akaivuta mara moja kwa ghafla, kisha akatulia. Hakutazama juu. Alitazama saa iliyokuwa kwenye kiganja cha pili, na vidole vilivyoshika kamba vikabaki vimelegea, kama vya mvuvi anayesubiri samaki aguse chambo. Baada ya muda mfupi kamba ilishtuka yenyewe. "Moja," akasema. Ikashtuka tena. "Mbili." Iliposhtuka mara ya tatu akabonyeza saa.

"Tano na nusu. Bado imekaza. Legeza kidogo, mwanangu."

Kijana aliyekuwa juu ya nguzo ya mbele, ameegemea mkanda wake, akairudisha nyuma mashine ndogo ya mnyororo meno mawili. Waya ukashuka kiasi ambacho macho yangu hayakuweza kukiona. Fundi akasubiri uache kuyumba, akavuta kamba tena, akahesabu tena. Safari hii wimbi la tatu lilirudi kwenye sekunde ya sita. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kwenye waya wa pili, kisha wa tatu, na kwa kila mmoja alifanya vilevile, hata ilipokuwa dhahiri kwa kila aliyesimama pale kwamba mkono wake ulishajua jibu.

Tulikuwa ndani ya mkuza, yaani ukanda uliofyekwa chini ya waya, wa laini ya kilovolti 33, upande wa Kwaluguru, wilayani Handeni. Laini ilikuwa imezimwa tangu asubuhi ili nguzo zilizoliwa na mchwa zibadilishwe. Mimi nilikuwa nimewafuata mafundi hao nikiwa na swali moja: umeme ukitoka kwenye maporomoko ya Mto Pangani kule Hale, unachukua muda gani kufika huku? Swali hilo nililisahau kwa saa nzima, kwa sababu ya ile kamba.

Hesabu yake ni nzuri mno kuiacha ipite. Ukiugutua waya uliotundikwa kati ya nguzo mbili, wimbi hukimbia hadi nguzo ya pili, hugonga, hurudi ulipo. Waya uliokazwa hulipeleka haraka, ulionepa hulichelewesha. Kwa hiyo muda wa wimbi ni kipimo cha mnepo, yaani umbali ambao waya umeshuka katikati. Chukua sekunde za mrejeo mmoja, uzizidishe zenyewe kwa zenyewe, kisha uzidishe kwa 0.306, na utapata mnepo kwa mita. Marejeo matatu kwa sekunde 6 ni sekunde 2 kila mrejeo. Mbili mara mbili ni nne. Mnepo ni mita 1.2 na kitu kidogo. Urefu wa nafasi kati ya nguzo hauingii kwenye hesabu hiyo. Uzito wa waya nao hauingii, kwa maana waya mzito hunepa zaidi, na uzito uleule hulichelewesha wimbi kwa kiasi kinacholingana. Fundi hahitaji kupanda juu na utepe, wala kujua waya umetoka kiwanda gani. Anahitaji kamba, saa na utulivu.

Mfukoni alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye safu za joto na safu za mnepo. Kipimajoto alikuwa amekining'iniza kivulini tangu tulipofika. Alumini hurefuka kwa joto na kujikunyata kwa baridi, na waya uliokazwa vizuri saa saba mchana wa Januari hauwi uleule alfajiri ya Julai. Ukikazwa kupita kiasi mchana, usiku wa baridi utazivuta nguzo, utavisumbua vikombe vya kauri vinavyoushika waya, na siku moja utakatika mahali ambapo hakuna aliyeugusa. Ukilegezwa kupita kiasi, utapigana na mwenzake upepo ukivuma. Mita 1.2 kwa joto la siku ile ilikuwa sehemu ambayo waya ungeweza kuishi mwaka mzima bila kumdhuru mtu.

Nafasi ile kati ya nguzo mbili ilikuwa ya mita mia moja hivi. Wimbi la mkono wa fundi, basi, lilikuwa linakwenda mita 100 kila sekunde, ambayo ni kilomita 360 kwa saa, zaidi ya mara nne ya mwendo unaoruhusiwa kwa basi la abiria. Na hilo ni wimbi la polepole katika waya ule; la haraka ni lile linalotoka Hale.

Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, hupita Korogwe, na ukifika Hale huanza kushuka kuelekea pwani. Hapo kituo cha umeme kilianza kazi mwaka 1964, mitambo miwili yenye jumla ya megawati 21. Chini yake, kwenye mto huohuo, kuna Kituo Kipya cha Maporomoko ya Pangani cha megawati 68, kilichoanza mwaka 1995 na kurithi kazi ya kituo cha miaka ya 1930, cha enzi ambazo mkonge ndio uliokuwa mfalme wa nchi hii. Leo vyote vimeungwa kwenye Gridi ya Taifa, na mitambo yao inapozunguka, huzunguka kwa hatua moja na mitambo mingine yote ya gridi.

Wimbi la umeme kwenye laini ya juu hukaribia sana kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Barabara ya kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65. Waya ungeifuata barabara hiyo, wimbi lingeimaliza kwa sehemu mbili za elfu kumi za sekunde na ziada kidogo. Hadi Dar es Salaam, ambako hakufiki kilomita 300, ni chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukipepesa jicho mara moja, wimbi limekwenda Dar na kurudi makumi ya mara.

Wengi wetu tukisikia hivyo huona picha ya vitu vidogo sana vinavyokimbia ndani ya waya, vikitoka Hale vikiwahi Handeni. Vitu hivyo vipo, vinaitwa elektroni, lakini mbio si zao. Chukua birika la umeme linalochemsha maji ya chai, likivuta ampea 10 kupitia waya wa shaba wa milimita mraba 1.5. Kama umeme huo ungekuwa unakwenda upande mmoja tu, kama ule wa betri, kila elektroni ingejisogeza nusu milimita kwa sekunde. Ingehitaji zaidi ya nusu saa kumaliza mita moja. Na umeme wa gridi hauendi upande mmoja. Hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde, kwa hiyo elektroni haiwahi hata hiyo nusu milimita. Husogea sehemu chache za elfu za milimita, ikarudi, ikasogea, ikarudi. Unene wa unywele mmoja ni safari zaidi ya kumi kwake. Isitoshe, ndani ya transfoma ya kawaida waya unaoingia na waya unaotoka ni waya mbili zisizogusana. Elektroni zinazowasha taa ya nyumba ya Handeni zilikuwa ndani ya waya wa nyumba hiyo siku ulipofungwa ukutani, na hapo zitabaki. Hazijawahi kuiona Hale.

Watu wa Korogwe wana mfano wa jambo hili mikononi mwao, kamba ya katani. Vuta kamba ndefu iliyofungwa kengele upande wa pili, na kengele italia mara hiyo, ingawa kamba yenyewe imesogea upana wa kidole tu. Kilichosafiri ni ule mvuto. Mfano huu unatosha kwa nusu ya habari. Nusu ya pili iliwachukua wasomi zaidi ya miaka mia kuifikia, na kwangu ndiyo inayoeleza kwa nini kazi ya fundi wa laini ni ya kuheshimiwa hivi.

Mwaka 1746 padri mmoja wa Ufaransa aliyeitwa Nollet aliwapanga watawa wapatao 200 katika mstari mrefu, wakiwa wameunganishwa kwa waya za chuma, akapitisha umeme uliohifadhiwa kwenye chupa. Wote waliruka kwa pamoja. Alichojifunza ni kwamba umeme una haraka kuliko jicho lake. Ilibidi apatikane mtu wa subira zaidi. Huyo alikuwa Charles Wheatstone wa London, mwaka 1834. Alichukua waya wa shaba wa nusu maili, akaacha mapengo matatu madogo ya kurukia cheche: mawili karibu na ncha za waya na moja katikati kabisa ya urefu wake. Kisha akazungusha waya namna ambayo mapengo yote matatu yalikaa sambamba kwenye ubao mmoja. Mbele yake akaweka kioo kidogo kinachozunguka mara 800 kwa sekunde. Cheche zilipotokea, ndani ya kioo zilionekana kama mistari mitatu. Miwili ya pembeni ilianza pamoja. Wa katikati ulikuwa umesogea pembeni kidogo.

Msogeo huo mdogo ndio ulikuwa ugunduzi. Umeme ulikuwa umechelewa kufika katikati, na mtu alikuwa ameuona ukichelewa. Namba aliyoipata, takribani kilomita 460,000 kwa sekunde, ilizidi mno. Mwaka 1850 watafiti Fizeau na Gounelle wakapima kwenye waya za telegrafu za Ufaransa, wakapata 100,000 kwa waya wa chuma na 180,000 kwa waya wa shaba, pungufu mno. Mwaka 1857 mwanafizikia Gustav Kirchhoff aliketi na karatasi akaonyesha kwamba kwenye waya usio na ukinzani, wimbi la umeme lingekwenda kwa kasi ya mwanga. Hapo swali likageuka. Kwa nini waya, kitu kigumu cha shaba au chuma, uwe na kasi ileile ya mwanga unaopita angani patupu?

Jibu lilikamilika mwaka 1884 kwa mikono ya mwanafizikia John Henry Poynting. Nguvu ya umeme husafiri kwenye nafasi inayozizunguka waya. Waya huongoza, kama kingo zinavyouongoza mto, lakini kinachopita kinapita nje yake, katika hewa iliyo kati ya waya mmoja na mwenzake. Ndiyo maana kasi ni ya mwanga: mahali penyewe pa kusafiria ni palepale pa mwanga. Na ndiyo maana ukibadilisha kinachouzunguka waya, kasi hubadilika hata kama shaba ni ileile. Tangu mwaka 2010 kisiwa cha Pemba kinapata umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, karibu kilomita 78. Humo, kati ya shaba na bahari, hakuna hewa. Kuna tabaka nene la plastiki, na ndani ya plastiki ya namna hiyo wimbi hutambaa kwa zaidi kidogo ya nusu ya kasi linayokuwa nayo angani juu ya Handeni.

Nilipolifikiria hilo nikiwa nimesimama chini ya waya ule, kazi niliyokuwa naitazama ilibadilika sura. Nilikuwa nimedhani fundi wa laini ni mtunza waya. Sasa hesabu mwenyewe kazi zake. Hufyeka mkuza, ili tawi la mgunga lisiingie kati ya waya mmoja na mwingine. Huinua waya juu ya nguzo za mkaratusi zilizozikwa kiasi cha sehemu ya sita ya urefu wake, ili ardhi ibaki mbali. Huzitenganisha waya kwa mkono ulio juu ya nguzo, kila mmoja mahali pake. Hupima mnepo kwa kamba na saa, ili umbali huo ubaki uleule kati ya nguzo na nguzo, jua likiwaka au upepo ukivuma. Hufuta vumbi kwenye vikombe. Waya wenyewe haushughulikii sana; ukishafungwa umefungwa. Maisha yake yote anatunza ile nafasi, hewa ambayo nguvu ya Hale hupita ndani yake bila kuonekana. Sijui kazi nyingine ambayo mtu hutumia nyundo, panga, mtaimbo na jasho kukijenga kitu kisicho na umbo namna hiyo, na akakijenga kwa usahihi wa sentimita.

Vikombe vinastahili maneno machache hapa. Kikombe cha laini ya kilovolti 33 ni cha kauri iliyopakwa rangi ya kahawia inayong'aa, kizito kuliko kinavyoonekana, na chini yake kina mizunguko kama marinda ya gauni. Marinda hayo hufanya kazi wakati wa mvua. Maji yakililowesha rinda la juu, tumbo la rinda la chini hubaki kavu, na umeme unaotafuta njia ya kuteremka hadi kwenye nguzo hukuta ukavu unaoukatiza. Kabla kikombe hakijapanda juu, fundi alikipakata, akakifuta kwa kitambaa safi, akachungulia kila rinda, kisha akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikalia, mlio mwembamba uliokaa kidogo hewani. Akachukua cha pili, kikalia vilevile. Cha tatu kilitoa mlio mfupi, mkavu. Alikigeuza mara mbili juani na mimi sikuona chochote. Alikiweka pembeni, mbali na vingine. Akina mama wanaonunua vyungu sokoni hufanya hivyohivyo, na kwa sababu ileile: ufa usioonekana kwa jicho huonekana kwa sikio.

Kuna fumbo ambalo wapenzi wa fizikia hupenda kubishania. Tuseme una betri, swichi na taa, vyote vimewekwa karibu kwenye meza moja mjini Korogwe, lakini waya zinazoviunganisha zimepelekwa hadi Handeni na kurudishwa, na nyingine upande wa pili vilevile. Ukiwasha swichi, je, taa inasubiri wimbi lifike Handeni na kurudi, au inawaka mara moja? Wanaosema inasubiri wana hoja, na wanaosema haisubiri wana hoja. Jibu ni kwamba taa hupata kiasi kidogo karibu papo hapo, kwa muda wa mwanga kuruka kutoka waya mmoja hadi mwenzake, kwa sababu waya unaoanza kupitisha umeme huugusa waya wa jirani kupitia hewa. Kiasi kamili husubiri mzunguko mzima. Na wimbi linapotoka halijui kama kule mbele kuna taa, kuna kiwanda au waya umekatika. Linachojua ni unene wa waya na umbali kati yao, na kwa hivyo viwili tu hujipimia mkondo wa kubeba. Habari za mwisho wa njia huzipata likifika mwisho, na huzirudisha kwa kudunda, sawasawa na wimbi la kamba.

Nilimsimulia fundi fumbo hilo tulipokaa kivulini kula. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye hilo la waya kumgusa jirani kupitia hewa halimsumbui kichwa, kwa sababu limeshawahi kumtupa chini. Alikuwa kijana, laini imezimwa na kuthibitishwa, lakini laini nyingine iliyo hai ilikuwa inakwenda sambamba nayo kwa kilomita kadhaa. Aliishika kabla ya kufungwa ethi, ule waya wa kuiunganisha laini na ardhi. "Laini iliyozimwa si maiti," alisema. "Ni mtu aliyelala."

Tangu siku hiyo, kabla mtu wake yeyote hajagusa waya, ethi hufungwa pande zote mbili za mahali pa kazi, ndani ya upeo wa macho. Niliwaona wakizifunga asubuhi ile. Kwanza kibanio cha upande wa ardhi, kwenye chuma kilichokitwa chini. Kisha, kwa fimbo ndefu isiyopitisha umeme ambayo wao huiita rodi, kibanio cha upande wa waya. Wakati wa kutoa hugeuza: waya kwanza, ardhi mwisho, ili mkono usiwe hata kwa nukta moja kati ya waya na ardhi. Kijana aliyekuwa akifunga alitamka kila hatua kwa sauti kabla ya kuifanya. Hakuna aliyemwambia afanye haraka.

Radi ndiyo inayolipa umuhimu jambo la kasi kwa namna ambayo hesabu za kawaida hazifanyi. Mshtuko wa radi hupanda hadi kilele chake kwa muda wa kama sehemu moja ya milioni ya sekunde. Katika muda huo wimbi limetembea mita 300, nafasi tatu za nguzo. Kwa radi, basi, laini ni njia yenye mwanzo na mwisho, na nguzo moja haijapata habari wakati ya pili imeshapigwa. Wimbi hilo likifika mwisho wa laini, kwenye transfoma ya kijiji, hukuta mlango karibu umefungwa, na kama lile la kamba hudunda. Linalokuja na linalorudi hujumlishana, na msongo mahali hapo hukaribia kuongezeka maradufu. Ndiyo maana kinga za radi hufungwa palepale transfoma ilipo. Ukizifunga nguzo mbili nyuma, kinachobaki cha wimbi baada ya kuzipita kitadunda na kukaribia maradufu kwenye transfoma kabla mdundo haujarudi kwenye kinga.

Fundi alinionyesha kinga hizo kwenye transfoma tuliyoipita asubuhi, na alichotaka nione ni waya mwembamba unaoshuka kutoka kwenye kinga kwenda ardhini. Ulikuwa mfupi, umenyooka, bila kona. Alisema fundi mchanga hupenda kuukunja ukae vizuri, aufanyie na kitanzi ili upendeze. Kwa umeme wa kawaida kitanzi hakidhuru. Kwa radi, kila mita ya ziada na kila mkunjo ni mlima wa kupanda, na msongo wa kuupanda mlima huo hutua kwenye transfoma. Alitaka uzuri wa waya ule uwe katika kunyooka kwake.

Siku hizi kudunda huko hutumiwa kutafuta hitilafu. Kifaa hutuma mpigo mfupi kwenye laini, husubiri mpigo urudi kutoka mahali palipoharibika, na muda ukigawanywa nusu na kuzidishwa kwa kasi hutoa umbali. Hitilafu iliyo kilomita 30 mbele hurudisha jibu baada ya sehemu 200 za milioni za sekunde. Ukikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umekosea mita 150, yaani nguzo moja au mbili. Ni usahihi wa kustaajabisha, na mafundi wanaukubali. Lakini nguzo mbili bado ni nguzo mbili, na hitilafu bado ni kikombe kimoja kati ya kadhaa vinavyofanana. Kuanzia hapo ni miguu, na macho, na lile sikio. Pasipo na kifaa, laini hugawanywa: hukatwa katikati kwenye kiungio, hujaribiwa nusu ya kwanza, ikikubali basi ubaya uko nusu ya pili, nayo hugawanywa tena. Kisha watu hutembea mkuzani, wakitazama juu, wakisubiri kuona alama nyeusi ya moto kwenye kauri, ndege aliyekufa chini ya nguzo, tawi lililoungua ncha.

Kazi ya siku ile iliisha jua likiwa limeegemea magharibi. Vijana walishuka mmoja mmoja. Fundi alisimama mahali ambapo aliweza kuziona nguzo zote zilizofanyiwa kazi, akawahesabu watu wake kwa kuwaita majina, na kila mmoja akaitikia akiwa amesimama juu ya ardhi. Kisha akahesabu mikanda. Kisha ethi zikatolewa, waya kwanza, ardhi mwisho, zikaletwa kwenye gari, na akazihesabu kwa kuzigusa: sita zilitoka asubuhi, sita zimerudi. Akawahesabu watu tena. Ndipo alipochukua simu na kuwaambia wa kituoni kwamba watu wako chini, ethi ziko garini, laini iko huru.

Tulingoja. Juu yetu waya tatu zilikuwa zimenepa sawasawa, kama zimechorwa kwa mkono mmoja. Sikuona kitu kilipotokea, na hakukuwa na cha kuona. Mbele ya shamba la mahindi, upande wa nyumba, mashine ya kusaga iliyokuwa kimya tangu asubuhi ilinguruma.

Fundi alikuwa ameketi kwenye mlango wa gari, daftari gotini, anaandika namba ya nguzo, joto la mchana, na mbele yake: 6.0, 6.0, 6.1.

Alikaa akiitazama ile ya tatu kwa muda, kisha akaandika pembeni yake tarehe ya kurudi kuipima tena.